Kila mtu upande wake: nidhamu ya njia kati ya Kasongo na Kabambare



Leo tuongee barabara. Najua kuna mtu atauliza: agronome anatafuta nini kwa mambo ya roulage? Jibu ni fupi. Mpunga, karanga, mahindi na mafuta ya ngazi havina miguu. Mkulima wa Kabambare anaweza kufanya kila kitu sawasawa shambani, kisha gunia zake zinanyeshewa siku tatu njiani, juu malori mawili yameangaliana uso kwa uso na hakuna shofere anayekubali kurudi nyuma. Mgonjwa anayeletwa na moto hospitali naye anasubiri palepale. Kwa hiyo hii kazi ni yetu pia.

1. Kanuni yenyewe ni ipi?

Kwetu Congo tunatembea kuume. Sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile tunayoitaka Code de la route, imeweka hivyo: unakaa kuume, unapita mwenzako kwa kushoto, ukimaliza unarudi kuume. Ni hayo tu. Kwenye zile barabara kubwa za Ulaya, au ile ya Nairobi ya kilometa 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, kanuni ni ileile, ila Kenya wao wanatembea kushoto, kwa hiyo wanaigeuza. Mstari mmoja ni wa kutembea, mwingine ni wa kupita wenzako. Haukuwekwa kwa ajili ya wakubwa.

Mtu akijikalia kwenye mstari wa kupita bila kumpita mtu, wa nyuma anakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, na hivyo hivyo mpaka wa mbali kabisa anasimama bila kujua sababu. Wajapani walilionyesha jambo hilo kwa jaribio lililotangazwa mwaka 2008: magari 22 kwenye duara la mita 230, kila shofere ameambiwa atembee mwendo mmoja tu. Hakuna shimo, hakuna ajali, hakuna polisi. Baada ya muda mfupi msongamano ukazaliwa wenyewe, magari yakawa yanasimama na kuondoka. Kwa hiyo ukorofi mdogo wa mtu mmoja haubaki kwake, unasafiri kwenda nyuma.

Sasa utasema: sisi hatuna mistari, tuna udongo mwekundu na mikondo miwili ya magurudumu. Ni kweli. Lakini pale ambapo njia ni nyembamba, ndipo nidhamu inahitajika zaidi.

2. Hesabu ya kupita Fuso

Chukua kalamu. Fuso iko mbele yako, inatembea kilometa 30 kwa saa. Wewe uko na moto, kilometa 45 kwa saa. Unaanza kupita ukiwa mita 10 nyuma yake. Fuso ina urefu wa mita 8 hivi, moto yako mita 2, na unapaswa kurudi kuume ukiwa mita 10 mbele yake. Jumla unahitaji kuishinda kwa mita 30. Tofauti ya mwendo wenu ni kilometa 15 kwa saa, maana yake mita 4 na kidogo kwa sekunde. Utatumia sekunde 7 hivi.

Katika sekunde hizo 7, wewe mwenyewe umetembea mita 90 upande usio wako. Na moto inayotoka mbele kwa mwendo kama wako nayo imetembea mita 90. Kwa hiyo, kabla ya kutoka nyuma ya Fuso, unahitaji kuona njia tupu ya mita 180, karibu viwanja viwili vya mpira. Wakati wa kiangazi, ndani ya lile vumbi, nani anaona mita 180? Mara nyingi huoni hata 20.

Tuongeze uzito. Motari amebeba watu wawili na gunia, moto imechoka, haivuki kilometa 35. Sasa tofauti ni kilometa 5 tu kwa saa. Kupita kunachukua sekunde 21 na zaidi, na njia tupu inayohitajika inafika karibu mita 480. Hiyo si kupita tena, hiyo ni kucheza bahati na sibu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii. Magari mengi yanayotufikia kupitia Dar es Salaam na ziwa Tanganyika yana usukani kuume, juu Tanzania wanatembea kushoto. Kwetu, shofere wa gari hilo anakaa upande wa mfereji. Ili aone kama njia ni tupu, lazima atoe gari karibu lote nje. Akiona hatari, tayari yuko ndani ya hatari. Mwenye usukani wa namna hii anahitaji mtu wa kushoto amwangalilie, na akiwa peke yake, avumilie nyuma ya Fuso.

3. Kufuli la potopoto

Hapa ndipo tunapoumia zaidi. Lori limekwama kwenye potopoto, upande wa kuume. Upande wa kushoto bado kuna nafasi ya gari moja kupita. Kama wote wangesimama nyuma kwa mstari, matano ya kutoka Kasongo yangepita, kisha matano ya kutoka Kabambare, na hivyo hivyo. Lori nalo lingepata nafasi ya kuvutwa.

Tunafanyaka nini? Mwenye haraka anatoka kwenye mstari, anaenda mpaka mbele kabisa. Wa pili anasema: mimi ni mjinga? Anamfuata. Upande wa pili nao wanafanya vilevile. Baada ya nusu saa kuna mistari miwili huku na mistari miwili kule, vichwa vimeangaliana. Hata lori likichomoka, litapita wapi? Wa mbele hawezi kurudi juu kuna ishirini nyuma yake. Kile kilichokuwa tatizo la gari moja kimekuwa tatizo la wote. Na wa kwanza kuumia ni yule yule aliyekimbilia mbele, maana yeye ndiye atakayetoka mwisho.

Kuna kanuni ya kufungua kufuli hilo, tena ni ya zamani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani unasema: kwenye mteremko mkali na mwembamba, anayeshuka anasogea pembeni ili anayepanda apite, isipokuwa kama anayepanda ndiye mwenye mahali pa kujiegesha. Sababu inaeleweka: anayepanda na mzigo akisimama, kuondoka tena ni taabu, na anaweza kuserereka kinyumenyume. Ikibidi mmoja arudi nyuma, mwepesi anarudi kwa ajili ya mzito. Wakiwa sawa, anayeshuka ndiye anarudi, ila kama ni wazi kwamba kwa mwingine ni rahisi zaidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba anarudi yule mwenye boss mdogo.

4. Udongo unasema nini?

Hii sasa ni fani yangu. Udongo wetu wenye mfinyanzi ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukishiba maji unapoteza nguvu, na gurudumu zito likipita linaukanda kama mama anavyokanda udongo wa chungu. Vile vitundu vidogo vilivyokuwa vinapitisha maji vinazibika. Mkondo unakuwa bakuli, maji hayaingii chini tena, na kila lori linaongeza kina.

Shofere wa nyuma anaona bakuli, anapitia pembeni. Lakini pembeni ndipo ulipo mfereji wa kutoa maji. Anaubomoa. Mvua inayofuata haina pa kutokea, inatembea katikati ya njia. Msimu mmoja tu, na potopoto ya gari moja imekuwa potopoto ya upana mzima. Ndiyo maana kuna bariyeri za mvua: malori yasubiri saa chache ili njia inywe maji na kukaza. Anayetoa kitu kidogo ili bariyeri ifunguliwe ananunua saa chache za leo kwa wiki nzima za mwezi ujao, na wanaolipa ni wengine: mwenye kinga ya kusukuma mzigo, mama muuza karanga, na vijana wa CLER wanaofukia mashimo kwa chepe.

5. Sisi tufanye nini?

Wengi wetu hatuna gari. Lakini kila wiki tunapandaka moto, na abiria ana sauti. Kwanza, usimwambie motari "kanyaga, nimechelewa." Ondoka mapema. Pili, kataa kuwa wa tatu kwenye kiti. Hesabu ya mita 480 umeiona. Tatu, vumbi likifunga, mwambie apunguze na abaki nyuma. Chagua mti: gari la mbele likiupita, hesabu moja, mbili, tatu polepole. Ukiufikia kabla ya tatu, mko karibu mno.

Nne, mkikuta kufuli la potopoto, shuka. Wahitimu wawili wenye heshima, mmoja huku na mmoja kule, wanaweza kupanga zamu za magari matano matano. Msiamrishe watu. Ongeeni kwanza na mashofere wa malori, juu hao ndio wazee wa njia, wakikubali wao motari watafuata. Mpeni nafasi ya kwanza mwenye mgonjwa.

Tano, na hili ni kwa ofisi ya chama chetu: tupange jumapili moja ya mwezi, twende kwenye parkingi za motari na karatasi hii ya hesabu. Motari wengi hawajawahi kuonyeshwa kwamba kupita lori kunahitaji viwanja viwili vya mpira. Wanajua kuendesha kutushinda sisi. Hesabu ndiyo tunayoweza kuwaletea, na kabla ya masika kuanza ingefaa tuwe tumekwisha kuwafikia.