Mashine Moja kwa Nchi Nzima

Vidonge ukivikosa duka hili utavipata duka la pili. Mionzi ya kutibu saratani haina duka la pili. Mashine ikisimama tiba husimama, lakini ugonjwa hausimami.

Mionzi haitolewi yote kwa siku moja, maana ingeunguza hata nyama nzima iliyo jirani na uvimbe. Hugawanywa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, mara nyingi kwa wiki tano au zaidi. Katikati ya dozi chembe zenye afya hupata nafasi ya kujitengeneza. Ila chembe za saratani zilizosalia nazo, zikiachwa muda mrefu, huanza kuzaana upya. Kwa saratani ya mlango wa kizazi madaktari hutaka kazi yote imalizike ndani ya wiki 8. Mama aliyepata dozi 12 kati ya 25, kisha akakaa mwezi mzima, hawezi kuendelea na ya 13 kana kwamba hakuna lililotokea.

Tazama yaliyoipata Uganda. Mwaka 2016 mashine ya hospitali ya Mulago, Kampala, iliyokuwapo tangu mwaka 1995, iliharibika isitengenezeke tena. Nchi nzima haikuwa na nyingine. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ikajitolea kutibu wagonjwa 400 bila malipo. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao Vienna, likashirikiana na serikali kupata mashine mpya. Ilizinduliwa Januari 2018, karibu miaka 2 baadaye.

Wema huo nausifu. Lakini hebu piga hesabu: basi la kutoka Kampala, chumba cha wiki tano, ndugu wa kumsindikiza mgonjwa, watoto walioachwa kwa jirani. Tiba ni bure, kuishi Nairobi si bure. Tena mgonjwa lazima afike na karatasi zake: amekwishapata mionzi kiasi gani, sehemu gani ya mwili. Bila hizo daktari mpya anaanzia gizani.

Kwa hiyo mimi nasema mapatano ya namna hii yaandikwe mashine zikiwa bado nzima: hospitali ipi itapokea wagonjwa wa ipi, nani atatoa nauli, faili zitapelekwaje. Wakubwa wakingoja mashine ife ndipo wakutane, siku zinazoliwa na vikao vyao ni za yule mama wa dozi 12.