Ukilipa bili kwa mkopo, umelipa au umehamisha deni?

WIKI hii ningependa tukichunguze kitenzi ambacho kila msomaji hukitumia bila kukifikiria: lipa. Hakuna mwezi unaopita pasipo Mkenya kulipa bili ya stima, ya maji au ya intaneti. Kitenzi ni kilekile cha zamani, ila njia za kulipa zimeongezeka mno, na baadhi yake zimeibadilisha maana ya kitenzi chenyewe pasi na sisi kutambua.

Tuanze na kadi ya mkopo. Katika nchi kama Marekani, ni jambo la kawaida mtu kulipia umeme na maji kwa kadi hiyo. Sisi huziita kadi zote “kadi” tu, kumbe zipo za aina mbili. Kadi ya kawaida ya benki, ile wengi huiita kadi ya ATM, hukata pesa zako mwenyewe zilizomo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo hutumia pesa za benki, kisha benki hukuletea hesabu ya unachodaiwa kila mwezi. Usipolimaliza deni hilo kwa wakati, riba huanza kupanda.

Sasa je, aliyelipia stima kwa kadi ya mkopo amelipa? Kampuni ya umeme imelipwa, hilo ni kweli. Yeye bado hajalipa. Alidaiwa na kampuni ya umeme, na sasa anadaiwa na benki. Deni limehama tu.

Kiswahili kina neno linalokaribia sana jambo hili, nalo ni hawala. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu na mzizi wake una maana ya kugeuza au kuhamisha. Kwa wengi leo, hawala ni njia ya kutumiana pesa, hasa kutoka ng’ambo, na Wasomali wanaoishi Kakuma wanaielewa vizuri. Lakini katika sheria ya Kiislamu, hawala ni kulihamisha deni kutoka kwa mdaiwa mmoja hadi kwa mwingine anayekubali kulibeba. Ndivyo inavyofanya kadi ya mkopo: benki hulibeba deni langu kwa kampuni ya umeme, nami hubaki na deni kwa benki. Wazee waliotumia neno hawala hawakulichanganya na kulipa.

Msomaji wa Lodwar au Kapedo huenda akauliza: kadi hizo zinanihusu nini, na mimi hulipa kwa simu? Naam, ila simu hiyo ndiyo kadi yetu ya mkopo. M-Pesa ilianza Machi 2007 kama njia ya kutuma pesa ulizonazo. Januari 2019 ikaja Fuliza, kwa ushirikiano wa Safaricom na benki za CBA (sasa NCBA) na KCB. Huduma hii hukuwezesha kukamilisha malipo hata salio lisipotosha. Unanunua tokeni za Kenya Power, unaletewa tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita na taa inawaka. Mita hiyo tunaiita ya malipo ya kabla kwa sababu unalipa ndipo utumie. Ukiilisha kwa Fuliza, unatumia leo stima utakayoilipia kesho, nayo mita inaendelea kuitwa ya malipo ya kabla. Majirani zetu wa Tanzania huiita mita yao LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Jina hilo nalo halisemi lolote iwapo pesa za kulipia ni zako au ni za kukopa.

Na hapa ndipo lugha inapoingia. Yatazame majina tuliyopewa. Fuliza katika kamusi ni kufanya jambo mfululizo bila kusita. Leo mtu akisema “nimefuliza”, tunaelewa kwamba amekopa. Okoa Jahazi, mkopo wa muda wa maongezi, limetokana na nahau ya mabaharia. M-Shwari limechukua hali ya bahari iliyotulia. Kisha ikaja Okoa Stima, ya kukopea umeme. Mzee wa Lamu angetabasamu, maana stima kwa asili ni mvuke, na kabla ya kuwa umeme wa Wakenya neno hilo lilitaja meli iliyoendeshwa kwa mvuke huo. Kwa hivyo mtu wa Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, aliyezoea chemchemi za maji moto zisizo na chombo chochote cha kusafiria, huokolewa jahazi na kutuliziwa bahari kila anapokopa!

Sina ugomvi na sitiari. Lugha hukua kwazo. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba majina haya yote yanaahidi uokozi, utulivu au mwendo usiokatizwa. Hakuna hata moja linalotamka mkopo wala deni. Linganisha na M-Kopa, kampuni iliyoanza kuuza mitambo ya sola nchini mwaka 2012 kwa malipo ya kidogo kidogo. Hiyo angalau ilikichukua kitenzi chenyewe, na mteja anajua anaingia wapi.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayostahili kuangaliwa: riba na ada. Riba ni ziada anayotozwa mkopaji kwa kukopeshwa pesa. Ada ni malipo ya huduma. Mikopo mingi ya simu hutoza “ada”, na sikio hulipokea neno hilo bila wasiwasi. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukikopa shilingi 1,000 ulirudisha 1,075. Shilingi 75 si kitu, utasema. Lakini anayekopa 1,000 hizo kila mwezi ili kulipa maji na stima, kwa mwaka mmoja hulipa ada ya shilingi 900. Ingeitwa riba, pengine angeketi akapiga hesabu.

Kakuma inatupa mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi sehemu ya msaada wao kupitia simu. Mpango huo uliitwa Bamba Chakula. Bamba ni kukamata, na vijana wa Sheng hulitumia kwa maana ya kupata. Baadaye, katika makazi ya Kalobeyei, familia zilianza kupokea pesa kupitia akaunti za benki. Watafiti wameeleza kwamba familia nyingi hununua chakula kwa mkopo msaada ukichelewa au ukiisha mapema, na kwamba wengine huacha kadi zao za benki kwa wenye maduka mpaka deni liishe. Kadi hizo si za mkopo hata kidogo, ila zimegeuka kuwa rehani. Rehani ni mali anayoiweka mkopaji mikononi mwa mkopeshaji hadi atakapolipa. Anayejua kwamba ameweka rehani anajua pia kwamba hana uhuru wa kwenda kununua duka la pili, hata kama bei huko ni nafuu.

Simwambii mtu asikope. Mshahara ukichelewa na mtoto anataka kusoma usiku, taa lazima iwake. Ninachoomba ni tuite vitu kwa majina yake. Walimu wanapofundisha msamiati wa benki, wawape wanafunzi maneno haya pamoja: mkopo, deni, riba, ada, rehani, hawala. Nasi nyumbani, badala ya kusema “nimelipa stima”, tuseme “nimekopa stima” ikiwa ndivyo ilivyo. Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Siku hizi tunaalikwa harusini kwa ujumbe wa simu, na mara nyingi neno kukopa halimo kwenye mwaliko.