Kipimo cha mpira tumboni: hesabu ambazo wafanyabiashara wa Mara hawajazipiga

Na Mwandishi Wetu

Mfanyabiashara wa ndizi wa Tarime hapakii lori kabla ya kujua nauli ya kufika Mwanza, ushuru wa njiani, na mikungu mingapi itaiva kabla ya kufika sokoni. Mnunuzi wa ng'ombe katika minada ya Serengeti humkagua mnyama meno, macho na kwato kabla ya kutoa fedha. Lakini watu hao hao, tumbo linapowaunguza, huingia duka la dawa na kununua vidonge pakiti moja baada ya nyingine, mwaka mzima, bila kujua wanatibu kitu gani. Kwa lugha ya ukurasa huu, huko ni kununua mzigo bila kufungua gunia.

Kufungua gunia, kwa upande wa tumbo, ndiko kunakoitwa endoskopi. Wananchi wengi hukiita kipimo cha mpira au kipimo cha kamera. Mpira mwembamba unaopindika, wenye taa na kamera ncha yake, hupitishwa mdomoni, ukashuka kwenye umio, yaani njia ya chakula, hadi tumboni na mwanzo wa utumbo mwembamba. Daktari huona kwenye runinga kama kuna kidonda, uvimbe, au mishipa ya damu iliyotutumka. Akihitaji, hukata kinyama kidogo kwa ajili ya maabara, na mgonjwa hasikii maumivu kinapokatwa.

Si kila kiungulia kinahitaji safari hiyo. Kijana ambaye tumbo linamsumbua bila dalili nyingine za hatari anaweza kuanza na kipimo cha kinyesi cha bakteria wa Helikobakta pailori, mdudu ambaye ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo duniani. (Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha madhara yake, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel.) Hapa kuna tahadhari ya kibiashara: kipimo cha damu cha mdudu huyo, ambacho maabara nyingi za mitaani hukiuza, kinaweza kuonyesha maambukizi ya zamani yaliyokwisha kupona. Mteja aombe cha kinyesi.

Wapo hata hivyo wasiotakiwa kupoteza hata wiki moja dukani wakinunua vidonge. Nao ni mtu ambaye chakula kinakwama kooni au kifuani, akaanza kukwepa ugali na kubaki na uji. Anayepungua uzito bila sababu. Anayepungukiwa damu bila kujulikana inakokwenda. Na mwenye umri mkubwa ambaye kiungulia kimemwanza ghafla. Anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asisubiri hata basi la asubuhi. Hiyo ni dharura, aende hospitali iliyo karibu usiku huo huo.

Dalili hizo zina uzito wa pekee katika eneo letu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni saratani ya umio. Ukanda wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, unajulikana na watafiti kwa wingi wa saratani hiyo, na baadhi ya wagonjwa ni vijana kuliko ilivyo kawaida kwingineko. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, hospitali ya Tenwek iliyoko Bomet, Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwahudumia wagonjwa hao, ikiwa ni pamoja na kuwawekea kijibomba kwa njia ya endoskopi ili chakula kipite tena. Sababu za ugonjwa zinazotajwa ni tumbaku, pombe, na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliviweka vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Chai ya stendi inayomwagwa kutoka birikani ikiwa bado inatokota inahusika hapo.

Ya pili ni kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria. Anayenunua samaki na dagaa mwaloni na kuingia majini mara kwa mara yumo katika hatari. Ugonjwa huo ukikaa miaka mingi huharibu mishipa ya ini, shinikizo la damu ya tumboni likapanda, na mishipa ya umio ikavimba hadi kupasuka. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mishipa hiyo ni sababu ya kawaida ya kutapika damu miongoni mwa waliolazwa pale. Mpira unaopima ndio huo huo unaoweza kutibu: daktari huifunga mishipa kwa vipete vidogo vya raba kabla haijapasuka tena.

Sasa tuje kwenye gharama, kwani ndipo wengi wanapokosea. Wanauliza bei ya kipimo tu. Bei hiyo ni sehemu moja ya hesabu. Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, na kutoka Tarime hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 250, kwa kuvuka daraja la Kirumi na kupita Bunda na Magu. Wa Mugumu hupitia Nata kwanza ndipo aikute barabara kuu. Kabla ya kukata tiketi, mgonjwa aanzie hospitali ya wilaya, aulize kama kipimo kinapatikana hospitali ya rufaa ya mkoa, Musoma, na apewe barua ya rufaa. Mwenye bima bila barua anaweza kujikuta akilipa taslimu kitu ambacho amekwisha kukikatia michango.

Tuchukue mfano wa kubuni. Duka la Sirari linaingiza faida ya shilingi 30,000 kwa siku. Safari ya siku 3, yaani kwenda, kupimwa na kurudi, inagharimu shilingi 90,000 za faida iliyopotea, kabla ya nauli na malazi ya watu 2, maana mgonjwa haendi peke yake. Asubuhi ya kipimo akanywa chai kikombe kimoja. Anaambiwa arudi kesho. Kikombe hicho kimemgharimu shilingi 30,000 nyingine pamoja na usiku mmoja wa gesti kwa wawili. Sijui mgahawa wa Mwanza unaouza chai kwa bei hiyo.

Kwa hiyo maandalizi ni fedha. Chakula kiachwe saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Wengi huambiwa wasile chochote tangu usiku. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi saa 2 kabla, lakini afuate maelekezo ya hospitali yake. Kufunga huku si desturi tu: tumbo lenye chakula humzuia daktari kuona, na chakula hicho kinaweza kurudi na kuingia kwenye mapafu.

Dawa zote zitajwe, hata za mitishamba. Omeprazoli na jamii yake zikimezwa hadi siku ya kipimo zinaweza kumficha bakteria, na wakati mwingine hufanya kidonda cha saratani kionekane kama kinapona. Kwa kawaida huachwa wiki 2 kabla, na antibiotiki wiki 4, endapo daktari ameridhia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiache kwa uamuzi wake. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu sindano yake ya asubuhi, maana kujidunga insulini na huku umefunga kunaweza kukuangusha kwenye foleni. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, mzio wa dawa au mimba aseme. Meno ya bandia yanatolewa.

Ndani ya chumba, mgonjwa hulala ubavu wa kushoto na kung'ata kifaa cha plastiki. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi. Hapo kuna uchaguzi: ganzi peke yake, au sindano ya kumsinziza juu yake. Mpira hauzibi njia ya hewa, kwa hiyo mgonjwa anapumua wakati wote, ingawa kichefuchefu na kubeua vipo. Kazi huchukua dakika 5 hadi 15.

Mfanyabiashara afikirie uchaguzi huo kwa makini. Aliyepewa sindano ya kusinzia atajiona mzima baada ya saa moja, lakini akili bado haijatulia. Kwa saa 24 asiendeshe gari wala bodaboda, asisaini mkataba, asitume fedha kwa simu, asinunue bidhaa Mwanza kwa kuwa tu yuko Mwanza. Mfuko wa fedha ashike msindikizaji. Aliyetumia ganzi tu huondoka mapema zaidi, ila asile wala kunywa mpaka koo lirudi katika hali yake, asije akapaliwa.

Koo kuwasha kidogo na tumbo kujaa gesi siku ile ni kawaida. Maumivu makali ya kifua au tumbo, homa, au kutapika damu si kawaida. Tundu kwenye umio au tumbo hutokea kwa nadra, lakini likitokea kila saa ina thamani. Ndiyo sababu tunashauri kulala Mwanza usiku huo. Wanaoogopa kuambukizwa na mpira uliotumiwa na mwingine wana haki ya kuuliza: mpira husafishwa na kuua vijidudu kwa dawa maalumu baada ya kila mgonjwa, na muuguzi anayefanya hivyo hachukizwi na swali.

Kipimo cha utumbo mpana, kinachoingizwa kwa njia ya haja kubwa, ni biashara tofauti kidogo. Maandalizi yake ni kunywa dawa ya kuharisha hadi choo kiwe maji meupe. Mtu asianze kuinywa akiwa Tarime halafu akapanda basi.

Mwisho ni kinyama kilichokatwa. Kinalipiwa peke yake mara nyingi, na majibu yake hayatoki siku hiyo. Maabara huweza kuhitaji wiki moja au zaidi. Wapo wanaorudi nyumbani na karatasi ya picha wakidhani kazi imekwisha, wakati jibu la saratani lipo kwenye kinyama. Kabla ya kuondoka, ulizia jina la maabara, namba ya sampuli, siku ya majibu, na kama yanaweza kutumwa kwa daktari wako wa Tarime au Mugumu. Acha namba 2 za simu, moja iwe ya mtu ambaye hayuko safarini kila wiki kama wewe.