Chama cha Waimbaji Hospitalini

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wanamuziki wa Marekani waliwapigia askari majeruhi muziki hospitalini. Wagonjwa walipata nafuu, lakini ilionekana kipaji pekee hakitoshi. Lazima mtu asomee kazi hiyo. Mwaka wa 1950 wataalamu wa tiba ya muziki wakaunda chama, wakaweka viwango vya mafunzo na kuitetea kazi yao. Mmoja mmoja hawangesikika.

Nawe mama uliyejifungua kabla ya wakati, usikae peke yako. Jiungeni pale kliniki, mfundishane kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumwimbia polepole. Lakini akikataa kunyonya au akipumua kwa shida, usingoje wimbo umtulize. Mpeleke hospitali mara moja!