Ukitibiwa Vibaya, Andika

Hapa Kongowea, Mombasa, manung'uniko juu ya matibabu hayakosekani. Utayasikia sokoni kati ya mafungu ya nyanya, utayasikia ndani ya matatu ikivuka Daraja la Nyali: mama aliyeachwa peke yake uchungu ulipomzidi, mtoto aliyedungwa sindano bila mzazi kuelezwa ni ya nini, mzee aliyerudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu akaamka amepooza. Maneno hayo hufika mpaka redioni na kwenye makundi ya WhatsApp. Mahali yasipofika ni mezani pa mtu ambaye sheria yamlazimisha kujibu, na huko ndiko yanakostahili kupelekwa.

Kulalamika ni haki yako, wala si ukorofi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 imeongeza meno. Kifungu chake cha 14 kinasema mtu yeyote ana haki ya kulalamikia alivyotendewa katika kituo cha afya, na lalamiko hilo lichunguzwe. Utaratibu wa kulalamika unapaswa kubandikwa kituoni mahali unapoonekana, na mlalamishi ajibiwe kwa maandishi katika muda usiozidi miezi 3. Shika huo muda wa miezi 3, kwa maana ndio utakaokupa nguvu baadaye.

Anza na karatasi

Ushahidi wa matibabu hupotea upesi: zamu hubadilika, faili huhamishwa, watu husahau. Kwa hivyo kusanya karatasi siku hiyo hiyo. Katika vituo vyetu vingi vya umma mgonjwa huja na daftari lake dogo la dukani, na humo huandikwa tarehe, dalili, vipimo na dawa. Watu wengi hulitupa wakishapona. Usilitupe. Lipige picha kila ukurasa kwa simu, pamoja na karatasi ya rufaa, majibu ya maabara, pakiti za dawa na ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha ulilipa nini na saa ngapi. Kwa mama mjamzito, kitabu cha kliniki ni shahidi mkubwa.

Faili iliyobaki hospitalini nayo unaweza kuiomba. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 vinakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu. Omba nakala kwa barua, na ubaki na nakala ya barua yenyewe ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa.

Kuna jambo moja zito ambalo familia zetu hukabiliana nalo wakati mbaya. Mgonjwa akifariki, wengi wetu huzika siku hiyo hiyo. Bila uchunguzi wa maiti huwa vigumu sana kuthibitisha baadaye kilichomuua, na kufukua kaburi kwahitaji amri ya mahakama. Uamuzi ni wa wafiwa, na hakuna wa kuwalaumu kwa lolote watakaloamua. Ila wauamue wakijua hivyo.

Barua yenyewe

Barua nzuri haina matusi na haizidi kurasa mbili. Usiandike "wafanyakazi wenu ni wakatili." Andika hivi: "Tarehe 4 Machi, saa tatu usiku, nilimfikisha mama yangu katika chumba cha dharura. Hakuweza kuinua mkono wa kulia, na maneno yalikuwa hayatoki vizuri. Aliyetupokea alimpima presha mara moja, akaandika dawa za maumivu, akaturuhusu kurudi nyumbani. Saa kumi na mbili asubuhi mama hakuweza kusema kabisa." Msomaji yeyote wa kitaalamu ataona hapo hapo kwamba dalili za kiharusi zilipuuzwa, na hukuhitaji kumtukana mtu.

Kisha sema unataka nini. Je, wataka maelezo? Msamaha? Kurudishiwa pesa? Mhusika achukuliwe hatua? Utaratibu ubadilishwe? Lalamiko lisilo na ombi hujibiwa kwa "pole", nawe huna la kudai zaidi.

Hata hivyo, si kila matokeo mabaya ni uzembe. Mgonjwa aweza kufa mikononi mwa daktari aliyefanya kila kilichopasa. Mahakama zetu hutumia kipimo kilichotokana na kesi ya Bolam ya Uingereza ya 1957: je, mhudumu huyu alifanya kile ambacho mwenzake mwenye ujuzi kama wake angekikubali kuwa sahihi? Mlalamishi aulize swali hilo mapema, ikiwezekana kwa kumwonyesha mhudumu mwingine zile karatasi.

Mlango upi?

Mlango wa kwanza ni kituo chenyewe. Mwandikie msimamizi, yule sote twamwita inchaji, au mkuu wa hospitali ikiwa ni kubwa kama Coast General kule kisiwani. Mambo mengi ya lugha mbaya, kucheleweshwa na malipo yasiyoeleweka huishia hapo. Tangu ugatuzi wa 2013 vituo vya umma Mombasa viko chini ya kaunti, kwa hivyo nakala ya barua iende kwa idara ya afya ya kaunti.

Kosa likiwa la kitaaluma, angalia aliyekuhudumia ni nani, kwa kuwa hapa ndipo wengi hupotea. Daktari na daktari wa meno husimamiwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo ndilo pia hutoa leseni kwa hospitali. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi. Katika zahanati nyingi za mitaani, anayeitwa daktari ni tabibu, yaani afisa wa kliniki, naye ana baraza lake kwa sheria ya 2017. Duka la dawa liko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Uliza jina na cheo kabla hujaondoka. Ukimshtaki tabibu kwa baraza la madaktari utakuwa umebisha nyumba siyo.

Mabaraza haya yaweza kumkaripia mhudumu, kusimamisha leseni yake au kufuta jina lake kwenye rejista. Fidia ni suala la mahakama. Tarehe 8 Agosti 2013, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya wilaya ya Bungoma na kupigwa na wauguzi. Video yake ikaonekana nchi nzima. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Hakuwa mtu wa uwezo, bali alisaidiwa na watetezi wa haki za afya ya uzazi. Ukinuia njia hiyo usilale: kesi ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dhidi ya Serikali ndani ya miezi 12. Uchunguzi wa baraza hausimamishi saa hiyo.

Na kituo cha umma kikikaa kimya? Iendee Tume ya Haki Katika Utawala, iliyoundwa mwaka 2011, ambayo watu huiita Ombudsman. Ina ofisi Mombasa, haitozi ada, na kaulimbiu yake ni "Hata Mnyonge Ana Haki". Kazi yake hasa ni kumsukuma mtumishi wa umma aliyekataa kujibu.

Hofu ya kurudi pale pale

Najua kinachowazuia wengi: kesho mtoto ataugua tena, na kituo ni kile kile. Hofu hiyo ina msingi, na mtu asiibeze. Lakini lalamiko la maandishi, lenye muhuri na nakala kwa kaunti, lakulinda kuliko ugomvi wa dirishani, kwa sababu ukibaguliwa baadaye kuna kumbukumbu ya chanzo. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwako, au mzee wa mtaa.

Fikiria pia upande wa pili wa meza. Inchaji mwenye wauguzi wawili na foleni ya wagonjwa mia hawezi kwenda kaunti kuomba wa tatu kwa kusema watu wananung'unika. Akiwa na barua kumi za wagonjwa walioachwa bila mhudumu usiku, ana hoja.

Basi siku utakayopeleka barua, hesabu miezi 3 na uiandike tarehe hiyo. Ikipita bila jibu, barua ya pili iwe fupi: "Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya ya 2017 kilikutakeni mnijibu kabla ya leo. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa Ombudsman." Kisha uipeleke kweli.