Gitaa na Sauti kwa Pamoja: Kurekodi Wimbo Nyumbani bila Kupoteza Matini

Mtafiti wa fasihi simulizi anayekusanya nyimbo za gitaa kavu hukabiliwa na uamuzi mmoja mapema: je, arekodi gitaa kwanza na sauti baadaye, au vyote viwili kwa wakati mmoja? Njia ya kwanza humvutia kwa kuwa maneno husikika waziwazi. Makala hii inashikilia kwamba njia ya pili ndiyo inayofaa, na inafafanua jinsi inavyoweza kufanikishwa katika chumba cha kawaida.

Msanii anayejipigia gitaa hairefushi irabu kwa kufuata mizani pekee. Kidole gumba humsubiri avute pumzi. Naye humeza silabi ili awahi besi. Akitenganishwa na gitaa lake, hulifuata kama askari afuataye ngoma ya gwaride. Matini inayopatikana huwa safi, lakini si ile aliyoitunga.

Mfano mzuri ni wa Mwenda Jean Bosco, mwimbaji wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka wa 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Sauti na gitaa viliingia katika mkondo mmoja wa utepe, wala hapakuwa na njia ya kuvitenganisha baadaye. Uwiano wote ulitegemea mahali maikrofoni ilipokuwa. Kanuni hiyo ingali na nguvu.

Kwa anayeanza, maikrofoni moja yatosha. Na iwekwe mbele ya msanii, umbali wa sentimita 50 hivi, katikati ya kinywa na gitaa. Maneno yakififia, maikrofoni ipandishwe kidogo. Gitaa likififia, ishushwe. Isielekezwe moja kwa moja kwenye tundu la gitaa, kwani hapo ndipo besi huvuma na kufunika kila kitu. Mahali shingo inapoungana na mwili wa gitaa hutoa sauti iliyo sawia zaidi. Kufunikwa huku si kero ya sikio tu. Konsonanti kama f ni hafifu mno, na kati ya “alifika” na “alishika” pana konsonanti moja tu. Mnukuzi akikisia vibaya, kosa huingia katika tasnifu, na kutoka hapo hunukuliwa na wengine.

Wenye maikrofoni mbili hudhani wamepata nafuu, kumbe wameongeza tatizo. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Hivyo basi, ikifika kwenye maikrofoni ya pili baada ya kusafiri sentimita 34 zaidi, huwa imechelewa kwa milisekunde moja. Mikondo hiyo miwili ikichanganywa, mawimbi ya hezi 500 hupingana na kupunguzana, na sauti ya mwimbaji husikika kana kwamba inatoka ndani ya mtungi. Dawa ya kawaida ni kuiweka kila maikrofoni karibu na chanzo chake, na umbali kati ya maikrofoni hizo uwe angalau mara tatu ya ule wa kila moja na chanzo chake. Iliyo bora zaidi ni maikrofoni inayosikia mbele na nyuma lakini ikawa kiziwi ubavuni: ubavu huo huelekezwa kwenye gitaa, nayo ikanasa kinywa.

Kuhusu chumba, blanketi nzito nyuma ya msanii na kitanda chenye godoro hupunguza mwangwi kuliko watu wanavyotarajia. Jokofu lizimwe. Paa la mabati halina tiba mvua inaponyesha, heri kusubiri. Kiwango cha kurekodia kipimwe msanii akiimba kwa nguvu zake zote, vilele vikiachwa desibeli 12 chini ya kikomo, kwa maana wasanii wengi huimba kwa sauti ya chini wakati wa majaribio na kupaza wimbo unapokolea. Faili ihifadhiwe bila kubanwa, kwa kilohezi 48 na biti 24.

Wimbo ukiisha, kinasa sauti kisizimwe. Msanii aombwe kuyatamka maneno polepole, bila gitaa. Rekodi hii haichukui nafasi ya ile ya kwanza. Hurejelewa tu pale sikio linaposhindwa kuamua kama mhusika alifika au alishika.