Jifya moja haliinjiki chungu

Mtu akiacha unga, yaani heroini, arosto humshika ndani ya saa 12 hivi tangu kete ya mwisho. Miayo haikatiki, kamasi zinachuruzika, mifupa inauma, tumbo linaharisha. Siku ya pili na ya tatu ndizo nzito zaidi. Baada ya wiki hivi mwili hutulia. Hapo familia hushukuru Mungu, ikidhani kijana amepona. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

Heroini huacha kumbukumbu ndani ya ubongo. Sauti ya rafiki wa maskani huiamsha, na hata hela mfukoni. Kijana aliyeshuka chomboni pale Deep Sea na kulipwa fungu lake anaweza kushikwa na hamu ya unga aliouacha miezi 6 iliyopita, maana zamani hela ile ilikuwa na njia moja tu. Akirudia, hatari ni kubwa kuliko mwanzo: mwili umeshapoteza mazoea, na kipimo alichokimudu zamani sasa chaweza kumkata pumzi.

Dawa ipo. Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili Februari 2011, na huku Tanga inapatikana Hospitali ya Bombo. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Humzuilia arosto siku nzima na kupunguza hamu. Lakini jifya moja haliinjiki chungu. Maskani ilimpa mraibu unga, ikampa pia jina, utani na watu wa kumgawia alipozidiwa. Ukimwondolea unga umemwondolea na jamaa zake. Nafasi hiyo isipojazwa, ataifuata kule kule.

Wanaoweza kuijaza vizuri ni waliopita njia ile ile; hao ndio jifya la pili. Kikaoni kwao, viti vya plastiki hupangwa duara. Mmoja anataja jina lake, kisha anasema, "Leo siku ya 40." Wenzake wanapiga makofi. Pembeni yake ameketi mwenye miaka 4 bila unga, na mgeni anaona kwa macho yake jambo ambalo daktari anaweza kumweleza tu. Akisema simu imeibiwa, wenzake wanajua ameiuza. Nao waliwahi kuuza zao. Mzoefu humpa namba yake na sharti moja: piga hamu inapokuja, usingoje mpaka umeshavuta. Naye anayepokea simu ile hujikumbusha alikotoka, akazidi kuimarika.

Utaratibu huu ulienezwa na Narcotics Anonymous, chama kilichoanzia California mwaka 1953 kikifuata hatua 12, nao umeingia katika nyumba za upataji nafuu Zanzibar na bara. Mjini Tanga, Gift of Hope Foundation imekuwa ikiendesha nyumba ya namna hiyo.

Jifya la tatu ni sisi, wazazi na majirani. Tuache kumwita teja. Jina hilo humrudisha maskani. Tusimfungie ndani tukidhani tunamlinda, kwa maana upweke ndio unaomrudisha kwenye unga. Akiteleza, tumpokee siku hiyo hiyo, kwani uraibu ni maradhi ya muda mrefu, na kurudia hakufuti siku alizokaa safi.

Ndugu msomaji, kama unaye nyumbani, mpeleke Bombo asubuhi. Jioni mpe nauli ya kwenda kikaoni kwa wenzake, na akirudi mwekee chakula.